Amplifaya ya ndani imekufa: je, spika zangu zitupwe?

Msomaji mmoja ameniuliza hivi: "Nina jozi ya spika za mezani zenye amplifaya ndani, na nimezitumia kwa miaka tisa. Spika ya kulia ndiyo yenye waya wa umeme, kidhibiti cha sauti na amplifaya. Ya kushoto huunganishwa nayo kwa waya wa nyuzi mbili tu. Kila spika ina wufa (ya sauti nzito) na twita (ya sauti nyembamba). Mwezi uliopita zote mbili zilianza kunguruma, hata sauti ikiwa imepunguzwa hadi mwisho, na baada ya siku chache zikanyamaza kabisa, ingawa taa ya mbele bado inawaka. Nimeambiwa kwamba amplifaya imekufa na kwamba spika za aina hii hazitengenezeki. Je, ni kweli? Na kama haitengenezeki, naweza kuziunganisha na amplifaya ya nje?"

Si kweli kwamba hazitengenezeki. Hata pale amplifaya inapokuwa imeharibika kiasi cha kutofaa tena, wufa, twita na kasha lenyewe kwa kawaida huwa bado vizima, na hivyo ndivyo vitu vinavyoifanya spika iwe spika. Nimewahi kuletewa makasha mazuri ya mbao yaliyokuwa njiani kwenda jalalani, na ubaya wote ulikuwa ni rezista moja, kile kifaa kidogo cha kupunguza mkondo wa umeme, isiyozidi urefu wa ukucha. Kwa hiyo naomba usitupe chochote kabla hatujasoma vizuri dalili ulizozieleza, kwa maana umeandika mambo matatu yanayosema mengi: nyuzi mbili, mngurumo wa pande zote mbili, na taa inayowaka.

Nianze na zile nyuzi mbili, kwa sababu ndizo zinazojibu swali lako la pili. Spika zenye amplifaya ndani ni za koo mbili, ingawa madukani huitwa kwa jina moja. Katika ukoo wa kwanza, amplifaya moja hukuza sauti yote ya upande mmoja, kisha sauti hiyo iliyokwisha kupata nguvu hugawanywa ndani ya kasha na krosova ya kapasita na koili, ili sauti nzito ziende kwenye wufa na sauti nyembamba ziende kwenye twita. Katika ukoo wa pili, sauti hugawanywa kwanza ikiwa bado dhaifu, kwa saketi ndogo au kwa chipu ya kidijitali, kisha wufa hupewa amplifaya yake na twita hupewa yake, bila krosova yoyote katikati ya amplifaya na spika. Tofauti hii ndiyo kiini cha jambo zima, kwa kuwa kila unachoweza kufanya na spika ambayo amplifaya yake imekufa kinategemea kama sauti hugawanywa baada ya amplifaya au kabla yake.

Spika yako ya kushoto ina wufa na twita, haina umeme wake, na inapokea nyuzi mbili tu. Haiwezekani basi kwamba kila kimoja kina amplifaya yake, kwa maana hapo zingehitajika nyuzi nne. Mgawanyo lazima unafanyika ndani ya kasha la kushoto, na kasha hilo ni spika ya kawaida kabisa inayoweza kupigwa na amplifaya ya nyumbani inayokubali omu zake, yaani kipimo cha ukinzani wake kwa umeme. Huna haja ya kuliamini neno langu: liunganishe kwenye amplifaya ya rafiki au ya redio yenye soketi za spika, anza na sauti ya chini sana, na usikilize kwa dakika chache, kisha usogeze sikio karibu na twita uhakikishe kwamba nayo inatoa sauti. Sikio ni muhimu hapa kwa sababu mita ya kupimia umeme haitakuonyesha hali ya twita. Ukipima omu kwenye ncha za waya wa spika, kapasita iliyo mbele ya twita huzuia mkondo mnyoofu (DC) wa mita, na unachokisoma ni wufa peke yake. Wufa ya omu 4 husoma takribani omu 3.2 hadi 3.6, na ya omu 8 husoma kati ya omu 5.5 na 7. Mita ikionyesha njia imekatika kabisa, koili ya wufa imeungua au waya umeachia. Ikionyesha karibu na sifuri, kuna shoti.

Kasha la kulia kwa kawaida hujengwa kama pacha wake, lakini hapo usikisie, fungua uangalie. Kuna mtego ambao umewashinda watu wengi: watengenezaji wengine huweka krosova ya upande wa kulia juu ya bodi ileile ya amplifaya, ili kuokoa nafasi. Ukiitoa bodi hiyo, umeitoa na krosova. Alama yake ni nyuzi nne zinazotoka kwenye bodi, mbili kwenda kwenye wufa na mbili kwenda kwenye twita. Ukiziona, fuata njia ya shaba kwenye bodi kutoka twita kurudi nyuma. Ukikutana na kapasita kubwa isiyo na alama ya chanya wala hasi, pengine na koili ya waya wa shaba kando yake, hiyo ndiyo krosova yako, na itabidi uihamishe au uinakili kutoka kasha la kushoto kabla ya kuunganisha amplifaya nyingine.

Dalili ya pili ni kwamba pande zote mbili zilinguruma kwa pamoja na kunyamaza kwa pamoja. Amplifaya ya kushoto na ya kulia ni njia mbili tofauti, hata pale zinapokaa ndani ya chipu moja, na si kawaida zife siku moja kwa ugonjwa mmoja mmoja. Kinachoziunganisha ni ugavi wa umeme. Umesema pia kwamba mngurumo haukupungua ulipopunguza sauti, maana yake uliingia baada ya kidhibiti cha sauti, na kwa hiyo chanzo si simu yako wala waya wa kuingizia sauti. Ushahidi wote huu unaelekea kwenye sehemu inayogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme wa mkondo mnyoofu, na hasa kwenye kapasita kubwa za kuchuja, ambazo hukauka taratibu kwa joto.

Nieleze kidogo kwa nini kapasita iliyokauka hunguruma. Umeme wa ukutani wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, ukishapita kwenye diodi, vifaa vinavyoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu, huwa na mawimbi 100 kwa sekunde, na penye hezi 60 huwa 120. Kapasita hujaza mabonde yaliyo kati ya mawimbi hayo. Amplifaya ikivuta ampea 1 kutoka kwenye kapasita ya mikrofaradi 4,700 (kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi umeme), volti huyumba kwa takribani 2 tu, na amplifaya nzuri huuzima mtikisiko huo. Kapasita hiyohiyo ikinyauka hadi mikrofaradi 470, mtikisiko huwa mara kumi zaidi, umeme hukaribia kukatika mara 100 kila sekunde, na hicho ndicho ulichokisikia. Baadaye chipu ya amplifaya, ikiona umeme haufiki kiwango chake, hujifunga yenyewe, au rilei ya ulinzi, yaani swichi inayojiendesha yenyewe, huachia, na kimya hutawala.

Ile taa inayowaka inakamilisha picha. Inatuambia kwamba umeme unaingia, fyuzi kuu ni nzima, na angalau sehemu ya transfoma au ya ugavi wa umeme inafanya kazi. Haituambii kwamba amplifaya inapata umeme wake. Taa mara nyingi hulishwa na njia ndogo ya volti chache, na inaweza kuendelea kuwaka hata kama moja ya njia kuu imekufa.

Sasa tufungue kasha, lakini kwa utaratibu. Chomoa waya wa umeme ukutani, si kuzima swichi tu, na usubiri dakika kadhaa. Ukikuta transfoma nzito ya chuma, hatari iko hasa upande wa waya unaotoka ukutani. Ukikuta badala yake bodi nyepesi yenye transfoma ndogo ya rangi ya njano, huo ni ugavi wa umeme wa kisasa, na kapasita yake ya mwanzo huhifadhi takribani volti 325 za mkondo mnyoofu mahali penye umeme wa volti 230, au 170 mahali penye volti 120. Kapasita hiyo inaweza kubaki na umeme huo baada ya kuchomoa waya, na inaweza kuua. Ipime kwa mita kila mara kabla ya kugusa bodi, na ikiwa bado ina umeme, utoe kwa rezista ya kiloomu 2.2 yenye uwezo wa wati 5 au zaidi, ukiishika kwa koleo zenye mipini ya plastiki, kisha upime tena. Usitumie bisibisi kupiga shoti. Cheche yake huharibu bodi na macho. Kama huna mazoea na vipimo vya umeme wa ukutani, hatua hii mpe fundi, na wewe uendelee na zile za upande wa spika, ambazo hazina hatari hiyo.

Tazama kwanza kabla ya kupima. Kapasita iliyovimba kichwani au iliyovuja maji ya kahawia chini inajieleza yenyewe, ingawa kapasita inaweza kuonekana nzima na ikawa imekufa ndani, hivyo usimsamehe mtuhumiwa kwa sababu ya sura yake. Tazama rezista zilizogeuza rangi ya bodi chini yake kuwa kahawia. Tazama pia ile gundi ya njano ambayo viwanda hupaka kushikilia kapasita zisitikisike: kuna aina ambayo ikipigwa na joto kwa miaka hugeuka kahawia, ikaanza kupitisha umeme na kula miguu ya vifaa vilivyo jirani. Ikwangue yote. Mwisho, kwa sababu bodi hii imeishi miaka tisa ndani ya kasha linalotetemeka, angalia kwa kioo cha kukuzia mahali miguu ya transfoma, soketi na chipu ilipolehemiwa. Ufa mwembamba unaouzunguka mguu kama pete ni kosa la kawaida sana, na huponywa kwa lehemu mpya.

Ndipo upime. Chomoa nyaya za spika kwenye bodi, ili kosa lolote lisiunguze wufa. Ukiwa na transfoma ya chuma, washa kwa mara ya kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyounganishwa mfululizo na waya wa umeme: ikimulika kidogo na kufifia, hakuna shoti kubwa, ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, kwa maana kuna kitu kimepiga shoti. Kwa ugavi wa umeme wa kisasa balbu hii inaweza kudanganya, kwa sababu baadhi yake hukataa kuanza.

Amplifaya nyingi za spika za mezani hutumia umeme wa pande mbili, chanya na hasi. Transfoma inayotoa volti 18 kila upande itakupa takribani volti 25 chanya na 25 hasi kwenye kapasita kubwa mbili. Cha kutafuta ni usawa: upande mmoja ukiwa 25 na mwingine 3, umeshaugundua ugonjwa, na sababu huwa ni fyuzi ya upande huo, diodi, au kapasita. Ikiwa pande zote mbili ni sawa, fuata njia ndogo zinazolisha saketi ya mwanzo, ambazo mara nyingi ni volti 12 chanya na 12 hasi kutoka kwenye virekebisha volti 7812 na 7912. Viwili hivi vinafanana kwa umbo lakini miguu yao haifanani: 7812 huingiza umeme kwenye mguu wa kwanza, na 7912 huingiza kwenye mguu wa kati. Nimeona bodi nzima ikiunguzwa na mtu aliyedhani ni kitu kimoja. Baadhi ya bodi hazina virekebisha volti hivyo bali rezista na diodi ya zena, inayoshikilia volti zisipande, na rezista hizo, ambazo hukaa zikiwa moto muda wote spika inapowashwa, ndizo wahalifu wangu wa kawaida kuliko kifaa kingine chochote.

Halafu pima kati ya nyuzi mbili za kila spika, kwenye kiwango cha volti za mkondo mnyoofu. Amplifaya nzima huonyesha milivolti chache. Zaidi ya milivolti 100 ni jambo la kutilia shaka, na volti kadhaa maana yake chipu imekufa na itaunguza koili ya wufa yoyote utakayoiunganisha. Pima kati ya nyuzi mbili zenyewe, si kati ya uzi mmoja na ardhi ya bodi (njia yake ya volti sifuri), kwa sababu amplifaya nyingi za umeme wa upande mmoja huonyesha nusu ya volti za ugavi kwa kipimo hicho cha pili, na hiyo ni dalili ya uzima.

Ikiwa ni kapasita, nunua zenye mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na zilizoandikwa nyuzi joto 105 badala ya 85. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto unazopunguza huongeza umri wa kapasita mara mbili, na ndiyo maana tofauti ndogo ya bei kati ya aina hizo mbili haifai kuokolewa. Pima pia kipenyo na urefu kabla ya kununua, na uweke mstari wa hasi upande wake. Ikiwa ni chipu, ikiwemo zile za kawaida kama TDA2030, TDA7294 au LM3886, kumbuka kwamba bamba la chuma la mgongoni mwa aina nyingi za chipu hizi limeunganishwa ndani na umeme wa upande wa hasi. Kile kijikaratasi cha maika au mpira kilichokuwa kati yake na kipoza joto, lile bamba la kutawanya joto la chipu, kina kazi, na ukisahau kukirudisha unaweza kupiga shoti siku ya kwanza. Nunua chipu kwa muuzaji anayeaminika, kwa maana chipu hizi hughushiwa sana, na za bandia hufa pindi sauti inapopandishwa.

Kwa dalili zako, mimi ningeanza na ukarabati huu kabla ya kufikiria amplifaya ya nje, na sababu si vifaa tu. Amplifaya iliyojengwa ndani mara nyingi hurekebisha sauti ili iendane na wufa na kasha hilo: huinua kidogo sauti nzito mahali ambapo wufa ndogo huanza kuishiwa, na hukata zile za chini kabisa zisije zikaipasua. Ukiiondoa, unaondoa na marekebisho hayo. Watu wengi huunganisha amplifaya nzuri ya nje kisha hushangaa kwamba sauti imekuwa nyembamba. Spika zao hazijaharibika. Zimepoteza msaada ambao hawakujua kwamba zilikuwa nao. Lile jaribio la kasha la kushoto kwenye amplifaya nyingine litakuonyesha mapema kama tofauti hiyo ni kubwa. Ukiiona, unaweza kuirudisha kwa vidhibiti vya sauti nzito na nyembamba vya amplifaya mpya au vya simu, lakini kwa kiasi, kwa sababu kila desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) unazoongeza hudai wati mara nne.

Tuseme sasa umepima, na bodi imeungua kiasi kwamba njia za shaba zimeachia. Hapo una njia mbili nzuri.

Ya kwanza ni kuzigeuza spika zote mbili kuwa za kawaida. Toa bodi ya amplifaya yote. Usiache nyaya zake zikiwa bado zimeungana na wufa huku ukileta amplifaya nyingine, kwa maana amplifaya ya nje itasukuma umeme ndani ya matokeo ya ile iliyokufa, na unaweza kupoteza ya pili kwa sababu ya ya kwanza. Unganisha nyaya za ndani na soketi mpya mbili nyuma ya kasha, nyekundu kwa chanya na nyeusi kwa hasi. Ukiwa umepoteza alama za wufa, gusa ncha zake kwa betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja: koni ikiruka kwenda nje, upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Usifanye hivyo kwa twita. Kisha ziba tundu lililoachwa na bamba la amplifaya kwa kipande cha mbao nene, chenye gasketi ya sponji na skurubu za kutosha. Hapa nasisitiza, kwa sababu ni jambo linalodharauliwa: kasha la spika hufanya kazi kwa hewa iliyofungwa ndani yake, au kwa hewa inayopita kwenye tundu lililopimwa, na mwanya mdogo kwenye kona hutoa mluzi na kuiba sauti nzito. Msingi wa hesabu za makasha haya uliandikwa na mhandisi Neville Thiele mwaka 1961 na kuendelezwa na mwenzake Richard Small katika miaka ya 1970, na hakuna hesabu yao inayovumilia kasha linalovuja pasipokusudiwa.

Kuhusu nguvu ya amplifaya ya nje, usifuate namba kubwa zilizochapishwa kwenye maboksi. Spika ndogo yenye usikivu wa desibeli 86 kwa wati 1, ukiipa wati 10 itakupa desibeli 96 ukiwa umbali wa mita moja, na hiyo ni sauti kubwa chumbani. Wati 20 hadi 40 kwa kila upande zinatosha. La muhimu zaidi ni kwamba amplifaya iruhusu omu za spika zako. Kama wufa ilisoma omu 3.4, ni spika ya omu 4, na amplifaya iliyoandikwa kwamba inakubali omu 8 tu itachemka.

Njia ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi kwa spika za mezani, ni kuweka bodi mpya ya amplifaya ya daraja D, ile aina ndogo isiyopoteza umeme mwingi kwa joto, ndani ya nafasi ya ile ya zamani. Bodi zenye chipu TPA3116D2 hutumia umeme wa upande mmoja, kati ya volti 4.5 na 26, hivyo adapta ya kompyuta ya mkononi ya volti 19, ambayo wengi wanayo bila kazi, inafaa kabisa. Kwa volti 19 utapata takribani wati 20 kwenye omu 8, na zaidi kidogo ya wati 35 kwenye omu 4, ilimradi adapta iwe na ampea za kutosha. Ile ya ampea 3.4 hutoa wati 65 kwa jumla, na kwa muziki wa kawaida inatosha kwa pande zote mbili. Adapta ikae nje ya kasha, ambako hewa ipo. Chagua bodi yenye Bluetooth kama unaihitaji, ila ile isiyonayo mara nyingi huwa tulivu zaidi.

Kuna onyo moja la bodi hizi ambalo naliandika kwa herufi za moyoni, kwa sababu limeua bodi nyingi mpya katika dakika ya kwanza. Katika TPA3116D2 na jamaa zake, uzi wa hasi wa spika si ardhi. Nao umebeba sauti, na ya kushoto na ya kulia hazipaswi kugusana kamwe. Spika nyingi za zamani zilikuwa na hasi za pande mbili zilizounganishwa pamoja, kwenye soketi ya waya wa kushoto, kwenye bamba la chuma la nyuma, au kwenye soketi ya hedifoni. Kabla ya kuwasha, weka mita, ikiwa kwenye kipimo cha kulia nyaya zikiungana, kati ya hasi ya kushoto na hasi ya kulia huku bodi mpya ikiwa haijaunganishwa. Ikilia, tafuta mahali zinapoungana na uzitenganishe. Soketi ya hedifoni ya zamani iondoe kabisa kwenye njia ya spika.

Na ikiwa, ukifungua kasha la kulia, utakuta mambo tofauti na ninavyotarajia, yaani wufa ina amplifaya yake, twita ina yake, na hakuna krosova popote, simama hapo. Twita ikiunganishwa moja kwa moja na amplifaya inayobeba sauti zote huungua kwa wimbo mmoja, kwa maana koili yake ni nyembamba na haikujengwa kubeba sauti nzito. Kwa jaribio tu, kapasita isiyo na chanya na hasi ya mikrofaradi 10, ikiwekwa mfululizo na twita ya omu 8, huanza kuzuia sauti zilizo chini ya hezi 2,000 hivi, na inatosha kuilinda ukipima kwa sauti ndogo. Si krosova kamili, kwa sababu saketi iliyokuwepo huenda ilikata kwa mteremko mkali wa desibeli 24 kwa kila oktava (kila masafa ya sauti yanapoongezeka maradufu au kupungua kwa nusu), kwa mtindo ambao mhandisi Siegfried Linkwitz aliuchapisha mwaka 1976 na ambao bado unatumika sana. Kwa spika za aina hiyo, chunguza kwanza kama bodi ndogo ya kugawa sauti bado ni nzima. Mara nyingi ni nzima, kwa kuwa hubeba mikondo midogo tu, na ukiipa volti zake 12 chanya na 12 hasi unaweza kuchukua matokeo yake na kuyapeleka kwenye amplifaya mpya, moja ya wufa na moja ya twita, huku ukisawazisha nguvu zao kwa sikio taratibu. Hivyo unaokoa kazi ya mhandisi aliyeisanifu spika hiyo, na hiyo ndiyo sehemu ambayo huwezi kuinunua mahali pengine.

Kwa wale wenye sabufa, hesabu ni rahisi zaidi: toa bamba la amplifaya, ziba tundu, na tumia amplifaya yenye kichujio cha sauti nzito, lakini pima omu kwanza, kwa kuwa wufa za sabufa huweza kuwa za omu 2.

Bado kuna jambo moja la kukagua kabla hujatumia fedha yoyote, nalo ni ile pete laini inayozunguka koni ya wufa. Ikiwa ni ya mpira, huenda itaishi kuliko amplifaya mbili zijazo. Ikiwa ni ya sponji, iguse kwa ncha ya kidole. Sponji ya umri huo inaweza kuwa imeanza kumomonyoka kama keki kavu, na pete mpya itabidi ipimwe na kubandikwa kwa gundi yake kabla ya kazi ya umeme.

Ukimaliza, kwa njia yoyote utakayochagua, washa bila spika na upime volti kati ya nyuzi kwa mara nyingine. Kisha unganisha spika moja tu, tena ile usiyoipenda sana kama unayo ya majaribio, na uicheze kwa sauti ndogo kwa nusu saa huku ukigusa kipoza joto kila baada ya dakika chache, ukiwa umechomoa umeme kila unapogusa. Kikiwa vuguvugu, ni sawa. Kikiwa cha moto kiasi kwamba kidole hakiwezi kukaa hapo kwa sekunde tatu, na sauti bado ni ndogo, chipu inatetema kwa masafa usiyoyasikia au haijabana vizuri, na kasha lisifungwe hadi sababu ipatikane.